Mrejesho: chanjo zilizokuwa zikifika zimeganda

Ndugu zangu, narejea kuwashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini chanjo zangu za mifugo, zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, zilikuwa zikifika zimeganda ilhali mimi nilihofia joto. Kosa lilikuwa langu: nilizitoa pakiti za barafu kwenye friza na kuzipanga papo hapo juu ya vichupa. Safari hii niliziacha mezani mpaka zikatoka jasho na, nilipozitikisa karibu na sikio, nikasikia maji yakicheza ndani. Kisha nikazitenga na vichupa kwa kadibodi, nikajaza karatasi kila penye nafasi, na kuziba maungio ya kifuniko cha boksi kwa selotepu. Kipimajoto cha kurekodi, nilichokiweka katikati ya vichupa, hakikushuka chini ya nyuzi 3.

Hata hivyo, mzigo mmoja uliocheleweshwa hadi siku ya pili ulifika ukiwa na nyuzi 11, nami nikautupa. Nilikuwa nimempuuza aliyenishauri ninunue boksi la stairofomu lenye kuta nene zaidi, nikidhani (kwa ubahili, nakiri) kwamba kulifunika lile jembamba kwa karatasi ya foili kungetosha. Boksi nene nimeshaliagiza.