Riwaya nyepesi: kwa nini tuzisome kwa kujificha?

Wadau, naleta hoja jamvini. Kila vitabu vinapotajwa, hakosekani mtu wa kusema kwamba riwaya pendwa, zile za mapenzi, za upelelezi, za majambazi na mabastola, ni za kupotezea muda, na kwamba mtu mzima aliyesoma akizipenda basi azisome kimyakimya. Wengi tumeikubali hukumu hiyo bila kesi kusikilizwa. Ndiyo maana mtu akiulizwa anasoma nini, anataja kile kitabu kinene alichokwama nacho mwanzoni, si kile kilichomkesha jana.

Mimi naipinga. Anayetazama mpira dakika 90 haulizwi amejifunza nini filimbi ya mwisho ikilia. Kitabu ndicho kinachodaiwa somo, nadhani kwa sababu wengi tulikutana nacho kwanza darasani, maswali ya mtihani yakitusubiri. Tulifundishwa kusoma ili tujibu, sasa anayesoma bila kujibu lolote anajiona mtoro.

Mzozo wenyewe si wa leo. Mwaka 1944 mhakiki wa Kimarekani Edmund Wilson aliandika katika jarida la The New Yorker kwamba haoni watu wanapenda nini kwenye riwaya za upelelezi. Barua za wasomaji waliokasirika zikammiminikia, naye mwaka uliofuata akarudi na makala kali zaidi. Kisha 1948 mshairi W. H. Auden, mtu ambaye huwezi kumwita mvivu wa kufikiri, akakiri hadharani kwamba hadithi hizo zimemshika kama tumbaku au pombe: akianza moja hafanyi kazi wala halali vizuri mpaka aimalize, na akishaimaliza anaisahau. Ninachompendea Auden ni kwamba hakusingizia kuna hekima iliyofichwa humo. Watetezi wengi huteleza hapo. Wanahangaika kuchimba "mafunzo" kwenye riwaya ya mapenzi, na kwa kufanya hivyo wameshakubali masharti ya washtaki.

Sisi wa Kiswahili nasi tusijifanye wageni. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa hadithi ya upelelezi, ikachapishwa kitabu 1960, na leo mpelelezi wake Bwana Msa anachambuliwa vyuo vikuu.

Tena tuitazame kazi yenyewe ya kuziandika kwa karibu. Chukua mfano wa riwaya ya mapenzi: sura ya kwanza wawili wanagombania nyumba ya urithi, na msomaji ameshajua wataoana. Raha haiko kwenye kuujua mwisho, iko kwenye kucheleweshwa. Mwanamume anafungua kinywa, "Siku ile nilitaka kukwambia...", mlango unagongwa, sura inakwisha. Mlango huo ukigongwa mapema, msomaji hajali. Ukichelewa, ameshapiga miayo. Na ujanja huo ukirudiwa mara tatu, kitabu kinatupwa pembeni. Anayedhani ni kazi rahisi ajaribu kuandika kurasa kumi tu ambazo mtu aliyechoka, saa nne usiku, atashindwa kuziacha.

Sitetei uzembe, lakini. Mhusika aliyezikwa sura ya tatu akipiga simu sura ya tisa bila maelezo, huo si wepesi, ni ubovu, na ubovu uko hata kwenye vitabu vinene vyenye sifa kubwa (huko tunauita "ugumu" na kuuheshimu).

Upande wa pili una hoja moja ninayoiona nzito. Ukizisoma mfululizo, unazoea mwendo wake. Halafu ukishika riwaya ya taratibu, inayokutaka ukae na mzee anayewaza tu dirishani, unaiona imekufa kumbe ni wewe uliyekosa subira. Hilo lipo. Ila dawa yake ni kuchanganya usomaji. Kuona haya hakuongezi subira hata chembe.

Haya, wanaopinga wajitokeze, ila kwanza wanijibu hili: huyo msomaji wa saa nne usiku mkimnyang'anya riwaya yake, mnadhani atashika kitabu gani badala yake? Mimi naona atashika simu.