Unga wa bei nafuu unafaa kwa mkate?

Habari zenu wapendwa. Nipo Mikindani, naoka kwa jiko la mkaa. Nimenunua unga wa ngano wenye nembo ya duka lenyewe, bei chini kabisa. Keki imetoka laini mpaka watoto wamegombania, ila mkate unatanuka pembeni, haupandi. Tatizo unga au mkono wangu?

— Mkono wako hauna kosa, dada. Soma protini kwenye pakiti: gramu 9 kwa 100 ni wa keki. Mkate unataka kama 12.

— Mimi hapa Lindi nachanganya nusu kwa nusu na unga wa mkate, maji napunguza. Na uchekeche, joto hili la pwani wadudu hawachelewi.

— Nimesoma, ni 9! Asanteni sana, kesho nachanganya.