Mahabusu ya watoto imefurika: nitie sahihi ombi la bweni jipya?

Mwalimu wa Jumamosi:

Habari za jioni wanajamvi. Mwaka wa tatu huu najitolea kufundisha kusoma na kuandika katika mahabusu ya watoto. Kuna jambo linaninyima usingizi, naombeni ushauri.

Bweni la wavulana lina vitanda 24. Jumamosi iliyopita nilihesabu watoto 71. Wengi wanalala watatu godoro moja, mzungu wa nne, na wanaokosa wanajibanza sakafuni karibu na mlango wa choo. Hapo ndipo anapoanzia kila mgeni. Upele hauishi, maana anayetibiwa mchana usiku anarudi kwenye blanketi lile lile.

Kuna mmoja wa miaka 13, anadaiwa kuiba simu ya jirani. Alikuja hajui hata irabu. Kitu cha kwanza alichonisomea kwa hiari yake ni karatasi yake ya mahakamani, kidole chini ya kila silabi: u-pe-le-le-zi ha-u-ja-ka-mi-li-ka. Akainua macho akaniuliza, "Mwalimu, huyo Upelelezi anakaa wapi?" Alidhani ni mtu ambaye hajafika. Amemsubiri miezi saba.

Sasa mkuu wa kituo anakusanya sahihi za kuomba bweni la pili. Nikikataa, watoto wanaendelea kulala chini. Nikikubali, naogopa litajaa kama hili. Mliowahi kufanya kazi huko, mnasemaje?

Karani mstaafu:

Mwalimu, nimeshika daftari la kuingia na kutoka miaka 19. Piga hesabu hii. Wakiletwa watoto wawili kwa siku na kila mmoja akakaa siku 15, utakuta 30 ndani. Wawili hao hao kwa siku, wakikaa siku 90 kila mmoja, utakuta 180. Wanaoletwa hawajaongezeka hata mmoja, kilichorefuka ni kusubiri. Bweni halifupishi kusubiri. Mimi niliona moja likifunguliwa kwa kukatwa utepe, na mwaka haukuisha watoto wakawa wanalala mzungu wa nne humo humo.

Omba daftari. Chora safu mbili kwa kila mtoto aliyemo leo: amekaa siku ngapi, na nini hasa kinamzuia kutoka. Safu ya pili ndiyo itakayokuliza. Zama zangu wengi walikuwa wameshapewa dhamana, ila hakuna mtu mzima aliyejitokeza kuwadhamini. Wengine siku ya kesi gari lilikosa mafuta, ikaahirishwa bila wao kuwepo. Mtoto anaongezewa wiki mbili kwa sababu ya tangi tupu! Mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu.

Wakili wa watoto:

Naunga mkono safu mbili. Ukiwa nazo, sheria inapata mahali pa kushika.

Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinataka kumzuia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi kadiri inavyofaa, na asichanganywe na watu wazima. Kanuni za Havana za 1990, ambazo ni za Umoja wa Mataifa kuhusu watoto walionyimwa uhuru, zinasema kila mtoto awe na matandiko yake mwenyewe ya kutosha, tena yakiwa safi. Godoro la watatu limeshavunja hapo. Mwaka 2019 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Na. 24, ilisema mtoto anayezuiliwa kesi yake iamuliwe ndani ya miezi sita tangu alipozuiliwa, la sivyo aachiwe. Huyo wako ana saba. Maoni hayo si amri kwa mahakama, lakini hakimu anaweza kuombwa ayapime pamoja na sheria ya nchi.

Wala si kituo chenu peke yake. Utafiti wa Umoja wa Mataifa wa mwaka huo huo, ulioongozwa na Manfred Nowak, ulikadiria watoto wasiopungua 410,000 hupita katika mahabusu na magereza kila mwaka, ukiacha wale wa vituo vya polisi, ambao ni kama milioni moja. Na kubadilika kunawezekana: jimbo la Missouri, Marekani, lilifunga shule yake kubwa ya kurekebisha wavulana mwaka 1983, likahamia kwenye nyumba ndogo ndogo zilizo karibu na familia zao.

Mama wa mmoja wao:

Wangu alikaa miezi minne. Kosa lake kutoroka nyumbani baada ya kugombana na baba yake wa kambo. Hakuna aliyenitafuta. Nilidhani mtoto akishachukuliwa ndiyo basi, unangoja waamue wao. Siku niliyokwenda nikaambiwa angeweza kutoka tangu wiki ya kwanza, ilikuwa inahitajika sahihi ya mzazi tu.

Alirudi anajua kufungua kufuli kwa waya. Alifundishwa na wenzake wa miaka 17 aliolala nao godoro moja. Mwalimu, waulize hao watoto namba za mama zao. Wengi wanazikumbuka kichwani.

Mlalamikaji:

Nami niseme, kwa sababu tulioibiwa hatuulizwi. Duka langu lilivunjwa na vijana wa miaka 16. Nilikasirika, na bado nina hasira. Lakini kesi imeahirishwa mara sita, na kila mara nafunga kazi kwenda kuambiwa nije siku nyingine. Kulala kwao sakafuni hakujanirudishia hata msumari. Ningeulizwa, ningetaka wakae mbele yangu na wazazi wao, wakubali walichofanya, waje kunitengenezea mlango.

Mwalimu wa Jumamosi:

Asanteni sana. Nimeipata ruhusa ya daftari, nikakaa nalo Jumamosi yote, darasa likaongozwa na wanafunzi wakubwa. Leo wako 68. Waliopewa dhamana wakakosa mdhamini ni 19. Waliokamatwa kwa kutoroka nyumbani au kuzurura ni 11, na hao hawajamwibia mtu yeyote. Mama, ulisema kweli kuhusu namba za simu: kati ya hao 19, watoto 14 walinitajia bila kusita, na mmoja aliimba ya kwao kama wimbo.

Ombi la bweni sijalitia sahihi. Nimemwambia mkuu nitasaini likienda pamoja na hizi safu mbili, na yeye mwenyewe amezisoma mara mbili kimya. Magodoro tunayahitaji usiku wa leo, hilo silipingi.

Ndugu mlalamikaji, maneno yako nimeyanakili kwenye ombi bila kukutaja.

Wakili, kuhusu yule wa miaka 13: jirani alishapata simu yake tangu wiki ya kwanza, na mahakamani hakuna aliyesema. Jirani huyo yuko tayari kuja kueleza. Kesi inatajwa Jumanne saa tatu asubuhi. Utaweza kufika?