Saa 380 za futeji ya nyuma ya pazia, wahariri watatu: tuanzie wapi?

Mkasi_Meza
Wakuu, habari za kazi. Tumekabidhiwa makala ya nyuma ya pazia ya filamu ndefu: dakika 90, pamoja na vipande sita vifupi vya matangazo. Futeji (picha zilizopigwa) ni saa 380, TB 34 hivi. Kamera mbili za Sony FX6 zimepiga kwa fremu 23.976 kwa sekunde sawa na filamu yenyewe, Sony A7S III moja iliachwa kwenye 25, kuna GoPro za 59.94 na video za simu. Tuko wahariri watatu na wasaidizi wawili, tunatumia programu ya uhariri ya DaVinci Resolve. Mahojiano yamechanganya Kiswahili na Kiingereza. Filamu bado inahaririwa na inabadilika kila wiki. Tutengeneze proksi (nakala nyepesi za kuhariria) za aina gani, tupange futeji vipi, na tunaifuataje filamu ambayo haijatulia?

Fundi_Data
Mkuu, usiguse proksi kabla ya kumaliza suala la majina. A7S III kwa kawaida inaanza na C0001.MP4, na kadi ikifomatiwa hesabu inaweza kurudi mwanzo. Mwisho wa siku una C0001 kumi na kitu, na taimkodi zake (saa, dakika, sekunde na fremu zilizorekodiwa ndani ya klipu) zinaweza kuanzia karibu na sifuri. Resolve ikiunganisha proksi inaangalia jina na taimkodi, kwa hiyo unaweza kukata mahojiano ya mwongozaji halafu siku ya kurudisha faili asilia ukakuta picha ya jenereta. Ongeza namba ya siku na ya kadi mbele ya jina, mfano S14_C02_C0001, na faili la XML linaloambatana nalo libadilishwe hivyohivyo.

GoPro nazo zina lao. Klipu ndefu inakatwa vipande, na namba ya kipande iko katikati ya jina: GX010123, GX020123. Ukipanga kwa alfabeti, kipande cha pili kinakwenda mbali baada ya GX01 zote, na msaidizi anadhani klipu imeishia njiani. Panga kwa tarakimu nne za mwisho.

Video za simu zina kasi ya fremu isiyotulia, ndiyo maana sauti inaanza sawa na dakika ya kumi midomo imeachana nayo. Zigeuze kwanza kwa programu ya ffmpeg ziwe na kasi moja, uzitumie hizo kama faili asilia.

Hapo sasa ndiyo proksi: tumia muundo wa video wa ProRes 422 Proxy, ukubwa wa 1920×1080. Kwa 23.976 inakula kama GB 16 kwa saa, hivyo zote ni kama TB 6, na zaidi kidogo kwa sababu GoPro za 59.94 zinakula zaidi. Kila mkondo wa 23.976 ni megabiti 36 kwa sekunde. Hata wahariri watatu wakicheza kamera nne kwa pamoja, NAS (hifadhi ya pamoja ya mtandaoni) nzuri kwenye mtandao wa gigabiti 1 inatosha. Hela ya mtandao wa gigabiti 10 itunze kwa ajili ya chumba cha kusahihisha rangi.

Faili asilia weka kwenye tepu za kuhifadhia data za LTO-8, seti mbili za nakala, kila seti majengo tofauti. Tepu ni TB 12, lakini nunua nne kwa kila seti badala ya tatu ili usikate folda ya siku moja katikati. Usiandike tepu moja kwa moja kutoka diski moja ya USB: mashine inaandika hadi MB 360 kwa sekunde, na ingawa inaweza kupunguza mwendo, diski ikishindwa kuifikia hata kasi yake ya chini tepu inasimama, inarudi nyuma kidogo, inaanza tena, na kichwa kinalika. Nakili kwa programu inayohakiki kwa xxHash (hashi, yaani alama ya kipekee ya kila faili inayoonyesha kama nakala ni sawa), na orodha ya hashi iandamane na kila seti. Hifadhidata ya Resolve, inayobeba miradi yenu, ifanyiwe bekapu kila usiku kwenye mashine nyingine. Media ikipona na hifadhidata ikafa, kazi yenu yote ya uhariri imekwenda.

Bi_Taimlaini
Nakubaliana na Fundi. Naongeza upande wa uhariri.

Mtu akitazama saa sita kwa siku, saa 380 ni siku 63, kwa hiyo msijaribu kila mmoja kuona kila kitu. Kwenye diski panga kwa siku ya upigaji, ila ndani ya mradi panga kwa namba ya sini (onyesho la filamu). Ombeni ripoti za msimamizi wa mwendelezo na ratiba za kila siku za upigaji; msaidizi anaandika namba ya sini na teki (kila marudio ya kupiga sini) kwenye kila klipu. Bila hilo hamtapata ile teki iliyoingia kwenye filamu, na makala ya nyuma ya pazia inauzwa na hilo.

Kamera ya 25: picha za kujazia zisizo na sauti, zisomeshe kama 23.976. Zinapungua mwendo kwa asilimia 4 tu, hakuna atakayejua. Zenye maongezi ziache kwenye 25, Resolve itatupa takribani fremu moja kila sekunde. Kamera ikizunguka utaona mstuko, na hizo chache ndizo za kulainisha mwishoni kwa optical flow, yaani programu kubuni fremu za kati.

Programu za kugeuza maongezi kuwa maandishi zinaharibu zaidi pale mtu anaporuka lugha katikati ya sentensi. Msaidizi asahihishe, aweke taimkodi kila msemaji anapobadilika. Kisha kateni mahojiano kwa maandishi kwanza.

Mkasi_Meza
Nimekupata, dada. Na filamu kubadilika?

Bi_Taimlaini
Mwombe msaidizi wa mhariri wa filamu akupe kila toleo kama video yenye taimkodi iliyochomwa kwenye picha, pamoja na EDL yake (orodha ya mikato na taimkodi zake). Kila kipande cha filamu kikae kwenye traki yake peke yake, namba ya toleo ikiwa kwenye jina la klipu. Toleo jipya likija, unalinganisha EDL mbili na kugusa sini zilizobadilika tu. Picha zenye skrini ya kijani ambazo athari zake za kompyuta hazijakamilika zipewe rangi ya pekee. Siku ya kufunga picha, yaani kuamua mikato haibadiliki tena, rangi hiyo ikionekana popote hamjafunga.

Sauti_na_Haki
Vipande vya matangazo vinatoka kabla ya filamu, kwa hiyo vianze kupelekwa kwa wasambazaji mapema: wao ndio wanaosema sini ipi ni siri. Muziki uliokuwa unalia mahali pa kupigia nyuma ya mahojiano unahitaji kibali kama muziki wowote, na hauondoki kirahisi. Mwombeni fundi sauti wa filamu traki moja-moja za maikrofoni za siku zile; mara nyingi yeye ana maongezi safi ambayo kamera yenu iliyasikia kwa mbali. Televisheni zinazofuata R128 (kanuni ya Ulaya ya kiwango cha sauti) zinataka −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), Netflix −27 ikipimwa kwenye maongezi. Muulizeni mnunuzi kabla ya kuchanganya sauti.