Nimekutana na elki mgonjwa porini Colorado na leseni yangu ni ya jike. Nifanyeje?

Msafiri_Greeley

Wakuu, habari za jioni. Niko Meeker, magharibi mwa Colorado, tumekuja na shemeji yangu kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa Amerika. Msimu ni wa bunduki na leseni yangu ni ya jike.

Leo asubuhi kwenye miti ya aspeni tumemkuta dume mchanga peke yake. Wenzake tuliwaona wamevuka bonde, yeye kabaki. Ana pembe mbili zilizonyooka, hazina matawi. Mguu wa mbele wa kushoto haukanyagi kabisa: goti limevimba, na manyoya ya hapo yameshikana kama yamepakwa gundi. Mbavu unazihesabu. Tulifika karibu, hatua hamsini hivi, akatutazama tu. Ndege mmoja aina ya magipai alikuwa ametua mgongoni anadonoa, na mnyama hana hata nguvu ya kumfukuza.

Shemeji anasema nimpige, kumwacha vile ni ukatili na huku hakuna atakayejua. Mimi sikufyatua, lakini roho inaniuma tangu asubuhi. Simu haina mtandao kule juu, nimeshuka mjini ndiyo naandika. Sheria inasemaje? Na angekuwa jike mwenye hali ile, nyama yake ningewapa watoto wangu?

Mzee_wa_Craig

Mdogo wangu, hukukosea kushusha bunduki. Leseni ya jike ni ya jike. Huruma haikupi ruhusa ya kuua mnyama ambaye hayumo kwenye leseni yako, hata kama anakufa mbele ya macho yako. Na huyo uliyemwona hata mwenye leseni ya dume asingemgusa katika vitalu vingi vya Colorado, kwa sababu dume halali anatakiwa awe na ncha nne upande mmoja wa pembe, au ile ncha ya chini karibu na paji iwe na inchi 5 au zaidi. Huyo bado ni mtoto, ana mwaka mmoja na nusu.

Shemeji yako mwambie kwa upole. Ukimpiga ukamwacha, umeua bila leseni na umetelekeza nyama, makosa mawili. Ukimbeba, ndiyo umejimaliza. Sisi wageni tukifungiwa leseni hapa, kifungo hicho kinatufuata hadi majimbo mengine, maana yana mkataba wa kutambuana.

Colorado Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, wana ofisi hapo hapo Meeker. Nenda kesho ikifunguliwa, au piga simu usiku huu kama kuna namba ya dharura. Wape alama ya mahali kutoka kwenye ramani ya simu (inafanya kazi bila mtandao), saa uliyomwona, alikuwa ameelekea wapi, na kama alikuwa anakula au amesimama tu. Picha hata ya mbali inasaidia sana. Afisa ndiye ataamua kama anammaliza au anamwacha. Usishangae akimwacha: nimeona elki wa miguu mitatu wakitembea na kundi msimu hadi msimu.

Vet_Moro

Nilisomea mifugo SUA, sasa niko huku. Msafiri, kabla sijasema lolote: masikio yalikuwa yamesimama au yamelegea? Mate yalikuwa yanamtoka? Alipogeuka, alipepesuka nyuma?

Msafiri_Greeley

Masikio yamesimama, alikuwa anayageuza kutufuatia. Mate sikuyaona. Alipiga hatua tatu nne kwa miguu mitatu, nyuma yuko imara. Alikuwa anauma majani kidogo.

Vet_Moro

Vizuri, hiyo inasaidia. Kinachotutisha wote hapa ni CWD, ugonjwa wa kudhoofika wa jamii ya kulungu. Ulionekana kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa kituo cha utafiti Fort Collins, jimbo hilo hilo ulilopo, na mwaka 1981 ukapatikana kwa elki wa porini. Hauletwi na bakteria wala virusi. Ni protini iliyojikunja vibaya, prioni, inayoharibu ubongo taratibu. Mnyama anakonda, anainamisha kichwa, masikio yanalegea, mate yanatoka, anakunywa maji kupita kiasi, anapepesuka na kupoteza woga.

Wako anakosa dalili nyingi za hizo, na ana jeraha linaloonekana. Ukondefu na kutokimbia vinaelezeka kwa mguu peke yake: waya wa senyenge, risasi ya mtu, gari, pembe ya dume mkubwa wakati wa kupandana Septemba. Lakini usiape. Mnyama mwenye CWD ndiye mwepesi kugongwa na kunaswa, kwa hiyo jeraha halimsafishi.

Swali la watoto. Hadi sasa hakuna mtu aliyethibitika kuugua CWD kwa kula nyama. Hata hivyo CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wanashauri usile nyama ya mnyama anayeonekana mgonjwa, wala ya aliyepimwa akakutwa nao. Wanaosema chemsha sana wanakosea, prioni haifi kwa moto wa jikoni. Sisi tuliosoma habari ya kichaa cha ng'ombe Uingereza tunakumbuka kwamba watu walihakikishiwa miaka mingi nyama ni salama, halafu mwaka 1996 serikali ikakiri huenda ugonjwa wa ng'ombe umeingia kwa binadamu. Mimi wanangu siwapi.

Ndugu_Kelso

Mimi niko jimbo la Washington, kusini-magharibi. Huku elki wengi wanachechemea kwa ugonjwa wa kwato, ule wa bakteria. Kaka, ulitazama ukwato wenyewe? Kama umerefuka ukapinda kama mkasi, au umevunjika na kidonda kiko chini, mwambie afisa. Ugonjwa huo umeshaonekana majimbo mengine, wanataka kujua kila mahali ulipo. Huku tukiua elki sheria inatutaka tuache kwato pale pale porini, ili tusisambaze. Lakini kama tatizo liko gotini na ukwato ni mzima, hiyo ni habari nyingine.

BintiPemba

Assalaam alaykum. Mume wangu anawinda na mimi ndiye ninayekata nyama nyumbani, nina la kuongeza kwa Waislamu. Ukipiga elki wako halali ukamfikia angali hai, uhai umetulia, ni wajibu kumchinja, risasi haitoshi. Sasa kichwa kinatakiwa maabara kupimwa CWD, na tezi wanazopima ziko nyuma ya koo, pembeni mwa taya. Mume wangu anachinja chini ya kikoromeo kama kawaida, na akitenganisha kichwa baadaye anaacha kipande cha shingo kibaki nacho, tezi zinabaki salama. Kisu kinachopita kwenye uti wa mgongo ni kingine kabisa, hakirudi kwenye nyama.

Mkata_Nyama

Nafanya kazi machinjioni, usaha naujua. Ukimchuna jike wako ukakuta jeraha la zamani, usilipasue. Zungushia kisu mbali, kwenye nyama iliyo safi, utoe pande zima. Kisha angalia tezi za bega na za paja. Kama za upande mmoja tu ndizo zimevimba na nyama nyingine ni kavu, nyekundu, haina harufu, hiyo inafaa. Kama nyama yote imelowa, imepauka, ukibonyeza hairudi, au kuna usaha kifuani na tumboni, simama hapo hapo. Piga picha, usitupe kitu, mwite afisa aione. Ukiiacha bila kumwita, kwa macho ya sheria umetelekeza nyama.

Glavu kuanzia mwanzo hadi mwisho, jamani. Watu wanapasua maini kwa mikono mitupu.

Msafiri_Greeley

Wakuu, nashukuru sana. Asubuhi tumekwenda ofisini, afisa amepokea picha na alama ya mahali, kasema anapanda mwenyewe leo na tusirudi eneo lile hadi atupigie. Kuhusu ukwato, Ndugu_Kelso, kwenye picha unaonekana mzima. Shemeji naye aliuliza maswali yake, ameelewa.

Swali la mwisho: kundi lile lile lina majike. Tuendelee kuwawinda au tuhame bonde?

Vet_Moro

Windeni, afisa akishawapigia. Mmoja kuchechemea hakuharibu kundi, na mwenye CWD huweza kukaa zaidi ya mwaka bila dalili yoyote, kwa hiyo hata bonde lingine huwezi kumjua kwa macho. Muulize afisa kama kitalu chako kipo kwenye orodha ya wanaolazimika kupeleka kichwa mwaka huu. Hata kama hakipo, peleka.

Matokeo yanachukua wiki kadhaa. Nyama igandishe kwa mifuko yenye namba ya sampuli, na kama unampa bucha, mwambie asiichanganye na ya mtu mwingine, hasa ya kusaga.

Mzee_wa_Craig

Na kama mtamtolea mifupa, fanyeni hivyo kule kule porini. Robo nne, minofu ya mgongo na ya shingo kwenye mifuko ya kitambaa, uti wa mgongo ubaki. Kama shemeji anaishi jimbo jingine, asome sheria ya kwao kabla hajavuka mpaka, majimbo mengi hayaruhusu ubongo wala uti wa mgongo kuingia. Kichwa kikitoka maabara, kitupwe kwenye jalala linalopokea taka hizo, si nyuma ya nyumba.