Boti ya faiba iliyokaa nchi kavu miaka minane: niifufue yote, nibadili injini tu, au ninunue nyingine?

TeziNaOmo
Wakuu, habari zenu. Nina boti ya faiba ya mita tano na kidogo, yenye injini ya kupachika nyuma, tustroki (ile inayochoma oili pamoja na petroli) ya silinda tatu. Imekaa juu ya trela miaka minane chini ya turubai ambalo jua lilikwisha kulichana. Umbo lake nalipenda: omo, yaani mbele, imechongoka, ubavu umepanda, inakata wimbi bila kukurushia maji usoni. Kwa hiyo siwezi kuitazama kama takataka.

Naona njia tatu. Kuifufua yote, mwili na injini ileile. Au nirekebishe mwili kidogo halafu nifunge injini nyingine, ikiwezekana fostroki (yenye oili yake kando). Au niiuze kama ilivyo na kununua boti inayoelea leo. Sakafu ukiikanyaga karibu na nyuma inabonyea kiasi. Injini sijaigusa. Nipeni hoja zenu, hasa nianzie wapi kukagua kabla sijatoa hata senti.

SilindaTatu
Karibu mkuu. Usijaribu kuiwasha. Najua kidole kinawasha, lakini injini iliyolala miaka yote hiyo ukiizungusha kwa stata unaweza kuiharibu kwa dakika moja. Toa plagi zote, mimina oili nyepesi kidogo kila silinda, iache ilale usiku kucha. Kesho yake izungushe flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kwa mkono, taratibu, upande inaozunguka kawaida. Ukiizungusha kinyume, mabawa ya impela ya pampu ya maji yanaweza kupinda na kukatika. Hata hivyo impela hiyo utaibadilisha tu, kwa sababu mpira uliokaa umebanwa pozi moja miaka minane haurudi umbo lake.

Ikizunguka vizuri, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Betri iwe imejaa, plagi zote ziwe nje, kaba iwe wazi kabisa, na mfumo wa moto uwe umezimwa au nyaya za plagi zimegusishwa kwenye bodi ya injini. Namba yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini. La muhimu ni silinda zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10 hadi 15. Moja ikianguka mbali na wenzake, ringi au pistoni ina tatizo, na hapo njia yako ya kwanza inabadilika sura.

Halafu legeza skrubu ya chini ya gia boksi. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimekufa. Hilo si msiba, sili hubadilishwa, ila ujue kabla.

FundiRezini
SilindaTatu amesema kweli yote, lakini amekupeleka kwenye injini kwanza na mimi ningekuzuia hapo. Injini inang'olewa kwa bolti nne. Mwili hauwezi kuung'oa. Sakafu inayobonyea karibu na nyuma ni habari mbaya zaidi kuliko injini iliyokwama.

Boti nyingi za faiba za zamani si faiba tupu. Ule ubao wa nyuma unaobeba injini ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote mbili, na mihimili ya chini ya sakafu mara nyingi ni mbao zilizofunikwa vilevile. Maji huingia kupitia matundu ya bolti ambayo silikoni yake imekufa, au tundu la kizibo cha ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika), na yakishaingia hayana pa kutokea. Plaiwudi inaoza ndani huku nje faiba inang'aa.

Chukua nyundo ndogo, gonga ubao wote, kila mahali. Mahali pazima panalia kavu na kali, palipooza panatoa mlio mzito uliokufa. Kisha inua injini, simama nyuma, egemea gia boksi kwa uzito wako huku mwenzako akiangalia ubao. Ukipinda, au nyufa zikifunguka kwenye kona, jibu umelipata. Ukitaka uhakika, toboa kwa keekee ya milimita 5 kutoka ndani, chini kabisa karibu na kizibo, usipite hadi nje. Unga ukitoka mkavu na mweupe, vizuri. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka, ubao umekwisha. Matundu utayaziba kwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, iliyokorezwa.

Bi_Ngama
Naongeza jambo moja ambalo wengi hulisahau: foma iliyo chini ya sakafu. Iliwekwa ili boti isizame, lakini katika boti nyingi za zamani hunyonya maji miaka nenda rudi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu mwenyewe. Foma ya lita 200 ikinywa nusu yake umebeba kilo 100 usizoziona, na zote ziko nyuma au katikati. Boti inakuwa nzito, inakaa chini, unailaumu injini. Pitisha trela kwenye mzani, toa uzito wa trela na injini, linganisha na uzito uliotajwa na mtengenezaji. Au kata dirisha dogo sakafuni, pale panapobonyea ambapo patatolewa tu, chomoa kipande cha foma ukikamue. Kikitoa maji, sakafu yote inafunguliwa. Hakuna kukausha foma kwa jua.

Mpiga_Msasa
Mimi ningeuza. Nasema kwa heshima, kaka TeziNaOmo. Sakafu, mihimili, ubao wa nyuma, foma, nyaya, mipira ya mafuta, usukani, trela. Ukijumlisha vyote unapata boti iliyotengenezwa upya kwa gharama kubwa kuliko boti nzuri iliyotumika. Njia ya tatu ndiyo inayokufikisha majini mapema. Kama unachokitaka ni kuwa majini, nunua inayoelea.

FundiRezini
Kwa hesabu ya fedha pekee Mpiga_Msasa hajakosea. Lakini boti "inayoelea leo" ya umri uleule inaweza kuwa na ubao uleule uliooza, tena umefichwa na rangi mpya. Yake ataifungua na kuijua. Ya kununua aipeleke kwenye nyundo ileile na keekee ileile. Muuzaji asiyekubali kugongewa boti yake, achana naye.

TeziNaOmo
Asanteni sana. Tuseme ubao umeoza. Nimesoma kuhusu epoksi nyembamba za kumiminia ndani ya mbao zilizooza zikawa ngumu. Na kuna watu wanatumia rezini ya kawaida ya poliesta, wengine epoksi. Ipi?

FundiRezini
Hizo nyembamba zinaufanya uozo uwe mgumu, hazirudishi nguvu ya mbao. Kwa dirisha, sawa. Kwa ubao unaosukumwa na injini, hapana.

Kuhusu rezini, hapa watu hupigana, nitasema ninavyoona. Poliesta mpya juu ya faiba ya zamani iliyokwisha kukauka hushika kwa kung'ang'ania uso tu, na ikivutwa kwa nguvu inaweza kubanduka. Epoksi hung'ang'ania vizuri zaidi, kwa faiba na kwa mbao. Ubao wa nyuma ningeujenga kwa epoksi na plaiwudi ya baharini, si plaiwudi ya samani, kwa sababu ya baharini haina mapengo kati ya tabaka. Kila ukingo wa plaiwudi uloweshwe epoksi kabla ya kufungwa, kila tundu la bolti litobolewe kubwa, lijazwe epoksi, kisha litobolewe tena kwa saizi yake. Hapo bolti haigusi mbao kamwe.

Tahadhari mbili. Mkeka wa faiba wa nyuzi zilizotawanyika umeshikanishwa na gundi inayoyeyuka katika poliesta. Ndani ya epoksi, mingi ya mikeka hiyo hailainiki vizuri. Kwa epoksi tumia kitambaa kilichoshonwa, kile chenye nyuzi za mshazari. Ya pili, ukimaliza na epoksi, nje upake rangi. Jelikoti ya poliesta, lile tabaka la nje linalong'aa, juu ya epoksi haishiki vizuri.

Na uwiano! Poliesta unaweza kuongeza au kupunguza hadina (kigandishi chake) kidogo kulingana na joto. Epoksi huwezi. Kama kopo limeandika 2 kwa 1 au 5 kwa 1, ndivyo. Ukizidisha hadina haikauki haraka, inabaki laini milele na utaikwangua yote.

Mzee_Taruma
Wanangu, linda macho na mapafu. Hadina ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kulipofusha, kwa hiyo miwani ivaliwe kabla kopo halijafunguliwa. Vumbi la faiba ukisaga kwa grenda vaa barakoa ya kweli, si kitambaa. Na rangi ya zamani ya chini msiikwangue kavu bila kujua ni nini. Zipo rangi za kuzuia chaza na mwani zilizokuwa na bati ya sumu. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika 2008. Boti iliyopakwa kabla ya hapo inaweza kuwa nayo. Kwangua kwa maji, kusanya taka, zisiingie majini.

Mimi ni mtu wa mbao, kwa hiyo nitasema kidogo kwa yeyote anayesoma hapa akiwa na boti ya mbao. Kwenu mambo yanageuka. Mbao zikikauka miaka, maungio hufunguka mpaka unaona mwanga. Usishindilie kalafati (pamba ya kuzibia maungio) ikajaa kwa nguvu katika maungio makavu: mbao zikivimba majini zitasukumana na kuchomoa misumari kwenye mataruma, zile mbavu za ndani za chombo. Zilowesheni polepole kwanza.

SilindaTatu
Narudi kwenye njia ya pili, ya kufunga fostroki. Ni nzuri kwa mafuta na kelele, lakini kwa nguvu zilezile mara nyingi ni nzito kuliko tustroki. Boti yako ilichorwa kwa uzito wa zamani. Ukiongeza kilo nyuma, matundu ya kutolea maji sakafuni yanaweza kushuka chini ya usawa wa maji, na maji yataingia badala ya kutoka. Angalia kibao cha mtengenezaji kinachotaja nguvu na mzigo wa juu kabisa. Pima pia urefu wa ubao: injini fupi ni ya inchi 15, ndefu ni ya inchi 20. Bapa lililo juu ya propela likae karibu sawa na chini ya boti.

Kama kompresheni ya tustroki yako ni nzuri, mimi ningeibakiza. Mafuta ya zamani yote yamwagwe, tangi lisafishwe, mipira ya mafuta na kile kipira cha kupampia vibadilishwe, kabureta zifunguliwe na jeti zisafishwe moja moja. Petroli yenye ethanoli ikikaa hunyonya maji, kisha maji na ethanoli hujitenga na kushuka chini ya tangi. Ukiiwasha hivyo, jeti iliyoziba nusu inainyima silinda mafuta na oili kwa pamoja, na pistoni inayeyuka. Thamostati mpya, impela mpya, oili mpya ya gia na washa za skrubu zake. Halafu ndipo iwashwe, na maji yawe yanapita.

TeziNaOmo
Nimegonga leo. Robo tatu ya juu inalia vizuri. Chini, kuzunguka tundu la kizibo, mlio umekufa, na keekee imetoa unga mweusi. Foma ikikamuliwa inatoa maji. Injini inazunguka, kompresheni zinakaribiana, ya katikati iko chini kidogo ndani ya kiasi mlichotaja. Nimeamua: mwili kwanza, injini ibaki. Ubao wote unatoka, si kipande. Swali la mwisho, nikate kutoka ndani au nje?

FundiRezini
Kwa kuwa sakafu inatoka hata hivyo, ingia kutoka ndani. Ngozi ya nje inabaki na umbo na jelikoti yake, nawe unapata nafasi ya kuunganisha ubao mpya na mihimili. Kabla hujatoa sakafu, egemeza mwili chini sehemu nyingi, usawa, ili usipinde ukiwa mtupu. Ukipindia hapo utakauka umepinda. Na pembe za ndani jaza epoksi nzito ziwe za mviringo, kitambaa hakipendi kona kali.

Bi_Ngama
Foma mpya iwe ya vijishimo vilivyofungwa, isiyonyonya maji, na acha njia ya maji chini yake hadi kwenye ngama. Nyaya zote mpya, zile zilizopakwa bati, na fyuzi kuu karibu kabisa na betri. Anodi, vile vipande vya madini vinavyoliwa na kutu badala ya injini, zifuate aina ya maji: zinki au alumini kwa bahari, magnesi kwa maji baridi.

Siku ya kuishusha, usiifungue trela mara moja. Iache ielee ikiwa bado imefungwa kamba, funua ngamani, tazama kizibo, bolti za injini na kila tundu. Maji yakiingia, ivute nje hapohapo.

Mpiga_Msasa
Basi kama umeamua, badilisha na beringi za trela kabla ya safari hiyo. Miaka minane zimesimama mahali pamoja.