Naomba ushauri: fimwea ya waifai kwenye flashi ninayotaka kuwagawia mafundi wenzangu

FundiSakina:
Habari za jioni wakuu. Niko Arusha, nafufua laptopu zilizotumika kwa ajili ya shule za sekondari, naziwekea Debian 12 (mfumo endeshi huria wa Linux). Shule nyingi hazina intaneti siku ninayokwenda, kwa hiyo nimetengeneza flashi yenye kila kitu. Nachomeka, baada ya dakika 20 mashine iko tayari.

Shida ni waifai. Zenye kadi ya Intel zinashika zenyewe. Zenye kadi za zamani za Broadcom, BCM4312 na chache za BCM4318, hazishiki mpaka zipate fimwea (programu ndogo ya ndani ya kadi) ya b43, yaani draiva ya Linux ya kadi hizo. Niliipakua mara moja nyumbani, nikanakili mafaili yake kwenye /lib/firmware ya flashi, na yanafanya kazi vizuri. Sasa mafundi wa Moshi na Babati wanaiomba flashi hiyo, na mmoja anataka niipandishe mtandaoni kila mtu aipakue.

Draiva ya b43 ni huria, iko chini ya GPL (leseni inayoruhusu kuisambaza pamoja na msimbo wake). Je, fimwea nayo inafuata leseni ya draiva? Sitaki kuwaingiza walimu kwenye kosa wasilolijua.

Kerneli255:
Hapana mkuu, haifuati. Draiva inaendeshwa na kichakataji cha laptopu. Fimwea inaendeshwa na kichakataji kidogo kilichomo ndani ya kadi yenyewe. Kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inaichukua tu kwenye diski na kuikabidhi kadi. Ndiyo maana draiva inaweza kuwa ya GPL huku fimwea ikibaki na masharti ya mwenye chipu.

Ingia kwenye hazina ya linux-firmware (mkusanyiko wa fimwea za Linux) usome faili linaloitwa WHENCE. Kila fimwea imeandikiwa humo leseni yake. Ya Intel unaruhusiwa kuisambaza kama ilivyo, bila kuibadilisha wala kuifumua kuona ilivyoundwa, mradi tangazo la hakimiliki liende nayo. Hiyo wape mafundi bila wasiwasi.

Ya b43 humo hutaikuta. Mafaili yale yanachomolewa kutoka ndani ya draiva isiyo huria kwa kutumia b43-fwcutter, na ruhusa ya kuyasambaza haijatolewa. Debian wenyewe hawayabebi. Kifurushi cha firmware-b43-installer (au firmware-b43-lpphy-installer kwa BCM4312 yako) kinayapakua na kuyachomoa kwenye mashine ya mtumiaji. Ulichofanya nyumbani kwako ni sawa. Kukigawa ndiko kwenye tatizo, na kukipandisha mtandaoni ni zaidi.

BintiTanga:
Lakini si Debian walipiga kura 2022 wakakubali fimwea isiyo huria iingie kwenye kisakinishi? Nilidhani suala hili liliisha hapo.

Kerneli255:
Dada, kura ile ilibadilisha msimamo wa Debian wenyewe, na toleo la 12 likatoka Juni 2023 likiwa na fungu la non-free-firmware (fimwea isiyo huria). Lakini kinachoingia humo ni kile ambacho mwenye mali amekubali kisambazwe. Kura yao haiwezi kutoa ruhusa badala yake.

MzeeWaWaya:
Kijana, kazi yako ni njema, usiiache kwa sababu ya kadi. Anza na amri ya lspci -nn kwenye kila mashine ujue ipi ina kadi ipi.

Zile za BCM4318 zina njia safi. Kuna OpenFWWF, fimwea huria iliyoandikwa Chuo Kikuu cha Brescia, Italia. Ni ya GPL, kwa hiyo igawe pamoja na msimbo wake. Unapopakia b43 weka qos=0 na nohwcrypt=1, maana haina QoS (kupanga kipaumbele cha data) wala usimbaji wa ndani ya kadi. Kwa darasa inatosha.

BCM4312 haimo kwenye orodha yao. Hizo mimi nazibadilishia kadi, naweka Atheros ya mini PCIe inayotumia ath9k. Draiva hiyo haihitaji kupakiwa fimwea yoyote. Ila kuna laptopu ambazo BIOS (programu inayowasha mashine) inakataa kadi isiyoijua. Mbili ziliwahi kunigomea nikiwa nimeshazifungua. Zikigoma, tumia adapta ya USB ya AR9271, fimwea yake ilifanywa huria 2013.

Na kama huna hela ya kadi, chomeka simu kwa waya wa USB, gawa intaneti, kisakinishi cha b43 kikimbie palepale shuleni. Bando dogo linatosha.

Mwanakijiji_K:
Naongezea kidogo. Mwaka 2004 watu wa OpenBSD (mfumo endeshi mwingine huria) waliwasukuma watengenezaji wa chipu za waifai wakiomba ruhusa ya kusambaza fimwea, hata msimbo chanzo wake hawakuudai. Wapo waliokubali. Ruhusa ya maandishi ndiyo inayohesabika. Fundi kukwambia "hakuna shida" haitoshi.

FundiSakina:
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimeshayafuta mafaili ya b43 kwenye flashi. Ninazo 4318 tatu, najaribu OpenFWWF kesho. Za 4312 ni tisa, nitatumia simu kwanza huku nikitafuta kadi. Wa Moshi nimempigia, tumekubaliana mtandaoni haipandi.

Kerneli255:
Safi sana. Swali la mwisho: ili flashi iwe nyepesi, hukufuta /usr/share/doc?

FundiSakina:
Niliifuta yote mkuu. Kwani inahusikaje?

Kerneli255:
Humo ndimo Debian wanamoweka tangazo la hakimiliki la fimwea ya Intel. Fungua /usr/share/doc/firmware-iwlwifi/copyright kwenye mashine nyingine ulione. Bila hilo, hata ile unayoruhusiwa kuigawa unakuwa umeigawa kinyume na masharti.

FundiSakina:
Nimeliona. Naijenga flashi upya usiku huu.